Mwaka Walioisugua Kulasi Yetu

Tulimzika Citoyen Mpoyo juma lililopita, na nilikwenda kwenye kilio chake kwa sababu moja tu: nilitaka kuhakikisha amekufa. Najua marehemu hasemwi vibaya. Nimefundishwa hivyo kanisani na nimewafundisha wanangu hivyo hivyo, lakini hasira yangu haijabatizwa. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, mbele ya nyumba yake kubwa hapa Likasi, nikapewa chai na mkate mkavu, nikasikiliza. Akasimama mzee mmoja wa Chama kilichotutawala zamani, bado amevaa lile koti letu la enzi zile lisilo na tai, akasema marehemu ndiye baba wa mbio za magari katika mji huu, ndiye aliyewapa vijana ufundi wa injini. Watu wakapiga makofi. Kwenye kiti cha mbele yangu alikuwa Kapya, niliyefanya naye kazi ujanani, kichwa kizima mvi, na yeye pia akapiga makofi. Chai ilinishinda. Niliweka kikombe chini, nikaanza kuukumbuka mwaka ule mmoja, na tangu siku hiyo sijalala vizuri. Basi nauandika, wapige makofi na hapa kama wanataka.

Ulikuwa mwaka ule ambao Serikali iliwanyang'anya wageni maduka, mashamba na gereji zao ikawagawia watu wake. Mimi nilikuwa msichana, nimemaliza kusomea uchoraji wa mitambo, nikaajiriwa katika gereji ya Mgriki mmoja tuliyemwita Bwana Yani. Kapya alikuwa fundi mkuu pale na pia dereva wa gari la mbio, mkubwa kwangu kwa umri, nikimwita yaya kama anavyoitwa kaka. Nyuma ya gereji palikuwa na chumba kirefu chenye madirisha ya juu, kuta zimepakwa chokaa, sakafu ya saruji iliyoliwa na mafuta. Asubuhi jua liliingia kwa madirisha yale likaangukia meza ya kazi, na moshi wa viwanda vya Kampuni ya madini ulikuwa bado haujashuka. Mpaka leo nikisikia harufu ya petroli na sabuni ya kipande naona chumba kile. Wanaume wa gereji walinitania wiki za kwanza, mmoja akaniuliza kama nimekuja kuchora maua kwenye bonneti. Nikamwambia ndiyo, na nitaanza na kaburi lake. Wakacheka, wakaniacha nifanye kazi.

Kazi yetu katika chumba kile ilikuwa kulasi. Kulasi ni kichwa cha injini, ambacho wenzetu wa Nairobi wanakiita silinda hedi: hewa inaingilia humo kwenda kuungua, na moshi unatokea humo humo. Injini ni kama pafu, nguvu yake inategemea inavyopumua. Kulasi inayotoka kiwandani imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayekwenda sokoni na kurudi. Mtu wa mbio hununua nyingine iliyotengenezwa na mafundi wa mbio huko Ulaya, au kama hana jinsi ya kuipata, anatengeneza yake. Sisi tulitengeneza yetu. Bwana Yani alikuwa amepata feni kuukuu, moja ya zile zinazosukuma hewa ndani ya mgodi, akaifunga kwenye sanduku la mbao lililozibwa kwa lami. Juu ya sanduku tuliweka kulasi, feni ikavuta hewa kupitia njia zake, na pembeni palikuwa na bomba la kioo lenye maji. Hewa nyingi ikipita, maji yanapanda. Ili tuyaone vizuri tuliyatia rangi kwa majani mekundu ya ngai-ngai tuliyoyachemsha, na ukutani, kando ya kioo, tukaweka alama za chaki. Hiyo ndiyo ilikuwa mahakama yetu. Ukisema umeboresha njia ya hewa, hatubishani, tunawasha feni na kutazama maji mekundu.

Mchana tulikula pale pale. Mama Kyungu, mpishi wa gereji, alituletea bukari ya moto, huo ugali wetu, pamoja na mchicha wa lengalenga au dagaa wa ndakala waliokaangwa na pilipili, tukala watatu kwenye sahani moja, maana yeye hakukubali kusimama kama mtumishi huku sisi tunakula. Alikuwa na mdomo mkali na alijua habari zote za mji kabla ya padri. Ni kwenye mlo mmoja kama huo jambo letu lilitokea. Kapya alikuwa amechimba kupita kiasi kwenye sakafu ya njia ya hewa, pale inapokata kona kuelekea kwenye vali. Mimi, kwa hasira ya kuona kazi inaharibika, nilichukua tonge la bukari nikaziba lile shimo kwa kidole, nikasawazisha vibaya, pakabaki kinundu. Tukawasha feni ili tu tuone hasara yetu. Maji yalipanda yakaipita alama ya juu kabisa. Kapya aliacha kutafuna. Tukaondoa bukari, maji yakashuka. Tukairudisha, yakapanda. Tulikuwa tumeifanya njia kuwa nyembamba, na hewa ilikuwa inapita nyingi zaidi.

Nilikaa na penseli alasiri nzima sikupata maelezo, mpaka Kapya akayapata yeye, kwa akili yake ya udereva. Aliniambia, "Hewa iko sawa na gari, Mwadi. Virage ikiwa kali, inatoka mu barabara. Hii kilima inaikamata, inaipeleka mupole." Ndivyo ilivyo. Hewa inayokimbia haikati kona kwa hiari, inaruka sakafu na kwenda kugonga ukuta wa pili, na nusu ya njia inabaki imejaa hewa inayozunguka bure. Kile kilima kiliishika mkono. Tangu siku hiyo tulikiita hivyo, kilima, na kazi yetu ikawa kutafuta umbo lake: tunaongeza bukari, tunapunguza, tunachonga kwa kijiti, tunasoma maji. Mama Kyungu alitukasirikia kwamba tunachezea chakula, halafu mwenyewe akaanza kutupikia bukari ngumu ya kazi, mbali na ile ya kula. Tulipopata umbo, tukalijenga kwa kulehemu alumini na kulichonga kwa tupa, njia moja baada ya nyingine. Na njia za kuingilia hewa hatukuzing'arisha. Tuliziacha na ukwaru kidogo, kwa sababu petroli iliyochanganyika na hewa hujikusanya kwenye ukuta laini ikashuka kama jasho, badala ya kwenda kuungua. Kwa mtu asiyejua, kulasi yetu ilionekana kama kazi ya mlevi. Mimi niliiona nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukigusa, na nilikuwa na furaha mwaka ule, nasema wazi, furaha ambayo sikuipata tena kwa namna ile.

Bwana Yani aliondoka na masanduku mawili na mkewe analia. Gereji ikapewa Citoyen Mpoyo; Citoyen ni mwananchi, ndivyo Chama kilivyotuamuru tuitane. Watu kama yeye waliitwa acquéreur, mpokeaji, na kweli alipokea: kiti, simu, ghala, sisi. Hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa na sauti ya upole na alisalimia kila mtu kwa mikono miwili, na ndiyo maana wengi walimpenda mpaka akafa. Alikaa kwenye kiti cha Bwana Yani, akaagiza samaki, akala peke yake mlango ukiwa wazi. Nilikuwa napita ukumbini nikamsikia akizungumza na shemeji yake. Walikuwa wanapanga kukifanya chumba chetu cha nyuma kuwa depo ya bia. Shemeji akauliza kuhusu mafundi wa kulasi. Mpoyo akajibu kwa ile sauti yake kwamba kulasi hainyweki. Nilimwambia Kapya, na tukaenda wote wawili kumwona siku ile ile, kabla hatujapoa. Kapya alizungumza vizuri kuliko mimi. Alimweleza kwamba siku ya sikukuu ya Chama kutakuwa na mbio katika barabara za mji, na gari letu likishinda, matajiri wenye magari kutoka Kakanda mpaka Lubumbashi watatuletea injini zao. Mpoyo akatabasamu.

"Bon. Mukishinda, atelier inabakia. Mukishindwa, naweka bière."

Basi tukajua tunachokishindania. Chumba kile, feni ile, meza ile, na haki ya kuamka asubuhi ukaenda kufanya unachokijua. Kapya alikuwa na watoto wadogo na mimi nilikuwa na kichwa kigumu, na sote wawili hatukuwa na mahali pengine pa kwenda kufanya kazi ya namna ile, maana mji mzima ulikuwa wa Kampuni, na Kampuni haikuwa na haja ya wanawake wanaochonga njia za hewa. Tulifanya kazi kama watu waliofungiwa ndani ya nyumba inayoungua. Kulasi ikakamilika, ikapimwa kwa mara ya mwisho, maji mekundu yakapanda mahali ambapo hata ile ya Ulaya, ambayo Bwana Yani aliwahi kuiazima tukaipima, haikuyafikisha. Nikaweka alama ya chaki. Ilibaki kuifunga tu kwenye injini.

Sasa nifike kwenye Jumamosi ile. Waliozaliwa baadaye hawajui salongo. Ilikuwa kazi ya lazima ya kila Jumamosi, kila mtu na fagio lake, kusafisha mitaro, kupaka chokaa mawe ya barabarani, kung'arisha chochote ambacho kiongozi anaweza kupita akakiona. Wazo lenyewe la kufagia halikuwa baya, hata bibi yangu alifagia. Ubaya ni kwamba kazi ilipimwa kwa macho, na aliyepita kukagua hakushuka kwenye gari. Kinachong'aa kimefanyika, kisichong'aa ni uvivu, au mbaya zaidi, ni upinzani. Na sisi wanawake tulikuwa na adhabu yetu ya ziada: tulipelekwa uwanjani kufundishwa kucheza ngoma ya Chama, tumevaa vitenge vyenye sura ya Rais, tunakata viuno mbele ya viti vitupu tukisubiri siku ambayo vitajaa. Jumamosi ile nilikuwa uwanjani. Nilichezeshwa, sikucheza. Mimi, ambaye nilikuwa nimeifundisha hewa kukata kona, nilikuwa juani naambiwa na mwanamke mwenye filimbi kwamba kiuno changu ni kigumu.

Niliporudi, gereji ilikuwa imeoshwa mpaka mlangoni. Kamishna alikuwa anakuja kukagua mali zilizorudishwa kwa wananchi, na Mpoyo alikuwa ameleta vijana wa Chama na watu wa mtaa, wengi mno, kufanya salongo ndani ya gereji. Chumba cha nyuma nacho walikifanyia. Walipaka chokaa upya kwenye ukuta, alama zangu za chaki zote zikaenda. Na juu ya meza, kwenye kitambaa cheupe, ilikuwa kulasi yetu, inang'aa kama kijiko cha arusi. Niliingiza kidole kwenye njia ya kwanza, nikatafuta kilima. Hakikuwepo. Nikaingiza kwenye ya pili, ya tatu, ya nne. Sakafu ilikuwa tambarare, laini, imesuguliwa kwa tupa na kisha kwa msasa. Mama Kyungu alikuwa amesimama mlangoni, hakuingia. Aliniambia kwamba Mpoyo aliinua kulasi mbele ya watu akaona vile vinundu, akasema ni uchafu wa mkoloni aliyefanya kazi nusu nusu, na kwamba haifai kumwonyesha Kamishna. Watu wakaanza kuimba, tupa ikatafutwa. Nilimuuliza ni nani aliyeishika. Akajifunga upya kitenge chake. Nilimuuliza tena. Akasema, "Kapya. Ni yeye, mwanangu."

Nilienda kwa Mpoyo kwanza, kwa kuwa hasira yangu ilikuwa haijaamini hilo la Kapya. Nilimbebea kulasi mikononi mpaka ofisini, nzito vile, nikaiweka juu ya karatasi zake. Nilimweleza kila kitu, kuhusu kona, bukari, maji, na nikamwomba atuachie muda tukijenge tena kile kilima hata kama tutalazimika kukosa mbio hizi na kungoja nyingine. Alinisikiliza kwa adabu, nadhani ndiyo kitu kilichoniudhi zaidi. Akachungulia ndani ya njia ya hewa kama mtu anayechungulia chupa.

"Citoyenne, kintu ya mbio haiwezi kuwa na kilima ndani. Ona sasa namna inang'aa."

"Citoyen Patron, hewa haina macho. Haione kama inang'aa."

"Commissaire iko na macho," akasema, na akaniomba niiondoe kulasi juu ya karatasi zake.

Kapya nilimkuta uani, ananawa mikono. Vumbi la alumini linashika kwenye ngozi, lina rangi ya majivu, haliwezi kufichwa. Nilimwambia tuwashe feni apime mwenyewe, akawasha. Ukuta haukuwa na alama tena lakini sote wawili tulijua pale maji yalipokuwa yanafika, na hayakufika hata karibu. Yalisimama chini ya pale yalipokuwa siku tulipoanza. Nikamwambia tulehemu upya, tuanze sasa hivi. Akatikisa kichwa. Alisema gesi ya kulehemia imekwisha, ambayo ilikuwa kweli, na siku ya mbio imekaribia, ambayo pia ilikuwa kweli, na kati ya kweli hizo mbili hakunitazama. Mwishowe akasema, "Ilishapita, Mwadi. Tuifunge, tukimbie." Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kiluba, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na yeye akasimama pale mikono inadondosha maji akakubali yote. Nikajipa jibu mwenyewe: ameogopa. Vijana wale wa Chama walitembea na mikanda mkononi, Kapya ana watoto, mtu akiambiwa mbele ya umati kwamba analinda uchafu wa mkoloni anaweza kulala mahali ambapo mkewe hatampata. Ndivyo nilivyojieleza, na hasira yangu yote nikaihamishia kwa Mpoyo, ikakaa huko miaka yote.

Mbio zenyewe sitaki kuzikawiza. Gari liliondoka vizuri, likapendeza kwenye barabara ya tambarare, watu wakashangilia. Kwenye kupanda, Kapya alipokanyaga mafuta mpaka mwisho, injini ikakohoa. Nilikuwa nimesimama pale nikaisikia: ilitaka hewa na hewa haikuja, petroli ikamiminika bila kuungua, moshi mweusi ukatoka. Gari la mtu wa Kakanda likampita, halafu jingine, halafu jingine. Mpoyo alikuwa jukwaani karibu na Kamishna, akapiga makofi kwa upole kwa kila aliyepita. Wiki iliyofuata makreti yakaanza kuingia chumbani kwetu. Feni ilibebwa na mtu wa vyuma chakavu, na sanduku letu la mbao Mama Kyungu aliliomba akalipasua kuni, akasema afadhali liive bukari kuliko kuoza mvuani. Kulasi aliichukua Mpoyo. Aliiweka sebuleni kwake juu ya kitambaa cha kufuma, karibu na redio, na wageni wakaambiwa ni kazi ya gereji yake. Kapya alipewa lori la bia aliendeshe. Mimi nilirudi kuchora, ramani za nyumba za watu, vyumba vya mraba ambavyo hewa inaingia na kutoka kwa hiari yake. Nimelea watoto kwa kazi hiyo, siilaumu. Lakini sijawahi tena kuamka asubuhi nikikimbilia meza.

Basi kwenye kilio, baada ya makofi yale, nilihamia kiti cha karibu na Kapya. Tulikuwa tumesalimiana miaka yote hii, kwenye arusi na misiba, bila kuligusa jambo hilo. Wanawake walikuwa wanagawa bukari na mboga, akapokea sahani akaniwekea mimi kwanza. Nikamwambia nimechoka kusikia Mpoyo akisifiwa, na kwa kuwa sasa amelala chini hakuna wa kumtisha mtu tena, anieleze. "Yaya Kapya, ile kilima weye ulikuwa unaijua kuliko bote. Najua balikutisha. Sema tu mara moja, nisikie."

Alitafuna polepole. Alikuwa haonekani kuwa na aibu, na hilo nililiona kabla hajafungua mdomo.

"Hakuna mwenye alinitisha, Mama Mwadi. Mpoyo alisema mara moja tu, na nilikuwa nataka kumukatalia. Nilishafungua kinywa. Alafu bantu bakaanza kuimba jina yangu. Kapya, Kapya. Atelier nzima, mpaka inje ku barabara. Miye, mwenye bakubwa ba kazi balikuwa bananiita tu 'weye, kuya hapa.' Lime, ile tupa, ikaenda yenyewe." Akafuta vidole. "Nisikudanganye. Ile siku nilisikia bien, furaha mu roho. Mpaka leo nikiikumbuka, nasikia bien."

Nilimtazama mpaka akageuka kuangalia sahani yake. Woga nilikuwa nimeshamsamehe zamani, kimyakimya, bila yeye kuniomba. Nilichukua pochi yangu nikaenda kutafuta taxi-bus ya kunirudisha nyumbani, na sikumpa mkono.